Kanda Safi ya Akko Tume

Mwezi uliopita niliteremka Isiolo kwa mazishi ya Fundi Guyo, na jioni tulipokuwa tumekaa uani kwake tukinywa chai, mjukuu wake alinijia na simu mkononi akaniwekea sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwa zaidi ya miaka arobaini. Ilikuwa ya mwanamke mzee akiimba kwa Kiborana, peke yake, bila ngoma wala makofi. Kijana alikuwa ameitoa kwenye kanda aliyoikuta ndani ya sanduku la vyuma vya babu yake. Akaniuliza, kwa heshima lakini kwa haraka ya vijana wa siku hizi, "Nyanya, hii mlirekodi na nini? Nimetafuta kelele nyuma ya huyu mama nikakosa. Mlisafisha na programu gani?" Nilicheka mpaka chai ikanimwagikia gauni. Nilitaka kumwambia kwamba programu ile iliitwa Bulapesa, mtaa wetu wa zamani, na ndani yake mlikuwa na watu wazima, watoto, mbuzi, na pikapu moja ya miraa. Lakini alikuwa ameshainamia simu yake tena, na mimi nikaona heri niyaandike.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mpiga taipu katika ofisi ya mifugo, na jina langu la Karimi lilikuwa limeshapotea. Mtaa mzima uliniita Karani. Sitamchosha msomaji na habari za kwetu Meru. Walikuwepo, walikuwa wazima, na nilifurahi kuwa mbali nao. Nilipanga chumba kimoja katika ploti ya vyumba sita, chenye kitanda cha chuma, meza, na dirisha lililotazamana na mashine ya posho ya Haji Warsame, ya kusagia mahindi, ng'ambo ya kichochoro. Mashine ile ilikuwa ya dizeli. Ilianza kunguruma asubuhi kabla sijavaa viatu, na ilipopata moto kikombe changu kilitembea chenyewe mezani mpaka ukingoni, nikawa nimezoea kukidaka bila kukitazama. Watu wa mtaa wetu walijulikana mji mzima kwa kusema kwa sauti ya juu, hata wakiwa sokoni mbali na mashine. Haji alikuwa hazimi kabla ya jioni, kwa sababu kuiwasha kulitaka kuzungusha mpini wa chuma kwa nguvu zote, na mpini ule ulishawahi kumrudi ukamvunja mkono. Mchana alizima kwa jambo moja tu: jeneza likitoka katika nyumba yoyote ya kichochoro chetu. Hapo alizima bila kuombwa, akasimama mlangoni na mkono wake mbovu kifuani mpaka jeneza likate kona, kisha akarudi ndani kupigana na mpini wake.

Jirani yangu wa ukutani alikuwa mjane wa Kiborana, Akko Tume. Akko ni nyanya, na kila mtu alimwita hivyo, hata wazee wenzake. Chumba chake kilinukia maziwa yaliyofukizwa moshi. Kila jioni alinipa chai ya maziwa ya ngamia, nzito, yenye harufu ya mti uliochomwa ndani ya kibuyu, na mimi nilimpa githeri ambayo aliitafuna kwa adabu tu. Jioni ya kwanza nilipomsikia akiimba nilikuwa nachambua maharagwe. Mashine ilikuwa imezimwa dakika hiyo hiyo, masikio bado yananivuma, na kupitia ukuta ikaja sauti nyembamba, kavu, isiyotetemeka, ikapanda mahali nilipodhani itakatika, isikatike, ikakaa huko juu imetulia. Nilisimama na sahani mkononi. Nilikuwa nimeimba kwaya tangu utotoni na kujiona najua kuimba. Jioni ile nilijua kwamba sijui kitu, na ajabu ni kwamba sikuona aibu, niliona furaha.

Habari za wimbo ule nilizipata kwa Fundi Guyo, aliyekuwa na kibanda cha kutengeneza redio kwenye kona yetu. Wakati huo alikuwa na miaka thelathini hivi, mwembamba, mwenye kalamu nyuma ya sikio asiyoitumia kamwe. Alinieleza kwamba huo ni wimbo wa kunyweshea ngamia kisimani, na majina matatu yanayotajwa ni ya ngamia watatu wa mwisho wa Akko Tume. Mwanawe wa pekee, Galgalo, aliwapoteza wakati wa ukame. Kwa aibu akaenda zake Sericho kuchunga ngamia wa watu, akaapa hatakanyaga Bulapesa mpaka awe na ngamia watatu wa kumrudishia mama. "Hii ni mwaka ya nne," Guyo alisema. "Kila dereva wa lori anapelekewa salamu. Anarudi na neno moja tu: bado." Akko Tume mwenyewe hakuwa akilalamika. Nilimsikia mara moja tu bombani, akimwambia Hawa, mke wa Haji Warsame, kwa Kiswahili chake cha kuhesabu maneno, "Mimi nataka ngamia ya nini? Meno iko? Mimi nataka mtu ya kunizika." Hawa aliacha ndoo ikafurika.

Wazo la redio lilikuwa la Guyo. Huko Sericho mchungaji anaweza kukosa maji, lakini hakosi redio, na kila alasiri kulikuwa na kipindi cha Kiborana kilichopokea nyimbo kutoka kwa watu. Galgalo angekataa salamu za dereva, lakini asingeweza kukataa sauti ya mama yake ikitoka kifuani mwake mwenyewe, maana ndipo wachungaji walipozining'iniza redio zao. Tukarekodi jioni moja chumbani kwangu, kwa nusu saa, tukajipongeza kwa soda, tukatuma kanda Nairobi. Baada ya majuma kadhaa ikarudi na barua, na kwa kuwa nilikuwa Karani, niliisoma kwa sauti pale kibandani mbele ya watu. Iliandikwa kwa upole sana. Ilisema mwimbaji ana sauti ya ajabu, lakini nyuma yake kunasikika mbuzi, watoto, mlango, mngurumo, na mtu anayekohoa. Tafadhali tuleteeni kanda safi. Aliyekohoa alikuwa Guyo. Watu walimcheka, yeye akaichukua barua akaibandika ukutani juu ya meza yake ya kazi. Kuanzia siku hiyo, kwa karibu mwaka mzima, hatukutafuta kitu kingine ila kimya.

Sikuwahi kujua dunia ina kelele kiasi kile. Kelele ya kwanza tuliyoikamata ilikuwa ya redio-kaseti yenyewe. Guyo alinionyesha kwamba maikrofoni yake iko jirani na mota, kwa hiyo husikia tumbo lake kwanza kabla ya kumsikia mtu. Akachomoa maiki ya redio iliyokufa, akaiungia waya mrefu, na redio-kaseti tukaifungia ndani ya sanduku langu la nguo, katikati ya sweta ambazo mama yangu aliniletea kana kwamba Isiolo kuna baridi. Kelele ya pili ilikuwa ya stima, mlio mwembamba usioisha; tukahamia betri. Ya tatu ilikuwa ya kanda, shhh, mafuta yakikaanga sufuriani. Tukasafisha hedi, kile kichwa kinachogusa kanda, kwa pamba na spiriti, tukaacha kurekodi juu ya kanda kuukuu, na Akko Tume tukamsogeza karibu na maiki ili sauti yake iifunike ile ya kanda. Aliposogea, pumzi zake zikaanza kupiga maiki. Guyo akakata kipande cha sponji ya godoro langu, bila ruhusa yangu, akaivisha maiki kofia. Ilifaa sana, na bado nina kinyongo kidogo kuhusu godoro lile.

Kisha kulikuwa na mabati. Jua la Isiolo likiyashika, mabati hutanuka na kulia ta, ta, juu ya kichwa, na hakuna anayeyasikia mpaka siku anapoyasikiliza. Tulipanda tukayatandikia magunia yaliyolowa maji. Yalikauka kabla Akko Tume hajamaliza kusafisha koo, na majirani waliopanga foleni bombani walitusema kwa lugha nne. Na nyuma ya mabati kulikuwa na jambo gumu zaidi, ambalo Guyo alinionyesha kwa kupiga kofi moja katikati ya chumba na kuinamisha kichwa. "Unasikia? Nyumba inajibu. Nani aliiambia ijibu?" Tukatundika mablanketi, kanga, makoti, na godoro langu lililobaki. Tulimwingiza mama wa watu mle ndani saa sita mchana. Aliimba mstari mmoja, akaketi chini, jasho likimtiririka, akasema, "Mimi sijazaliwa kuimba ndani ya sanduku. Nyumba yenu iko na mdomo. Nyumba yangu haina mdomo."

Guyo alikuwa ameshika kona ya blanketi. Akaiachia. "Nyumba gani, Akko?"

Akko Tume alinyoosha kidevu kuelekea jiko la pamoja. Juu kwenye boriti, mweusi kwa masizi, ulikuwa umelazwa mzigo wa fito zilizopinda na mikeka iliyokunjwa, ambao mimi siku zote niliudhania kuwa ni kuni za mwenye ploti. Ilikuwa mana yake, nyumba ya kuhama, ile ambayo mwanamke wa Kiborana huijenga kwa mikono yake na kuipakia juu ya ngamia siku ya safari. Alikuja nayo mjini na hakuwa na moyo wa kuiuza. Jumamosi iliyofuata aliisimamisha uani, kati ya bomba na kamba za nguo, na hakutaka mwanamume aguse hata fito moja. Alikunja, akafunga, akatandaza mkeka juu ya mkeka, ngozi juu ya mkeka, na mgongo wake ambao kila asubuhi ulihitaji mkono wangu kusimama, siku ile haukuhitaji mtu. Kufikia alasiri kulikuwa na kuba dogo la kahawia katikati ya ploti ya mawe na mabati.

"Ingia, intala," aliniambia, yaani binti. Niliinama nikaingia. Nikafanya kama Guyo, nikapiga kofi moja. Kofi lilikufa papo hapo mikononi mwangu. Sijui niseme vipi ili msomaji anielewe. Tulikuwa tumehangaika miezi kwa magunia na mablanketi, fundi na karani, tukijiona werevu, na kumbe kile tulichokitafuta kilikuwa kimelala jikoni juu ya vichwa vyetu, kimeshonwa na mwanamke ambaye hakuwahi kuona studio. Upepo ulipita nje nikauona kwa tundu ukitikisa nguo kwenye kamba, wala sikuusikia. Niliketi kwenye ngozi, mimi ambaye nyumbani waliniita kasuku, na sikutaka kusema neno.

Kwa nini hatukurekodi usiku, mji ukiwa umelala? Niliuliza hivyo hivyo, na Akko Tume alinitazama kana kwamba nimemtukana. Jina la mtu aliye mbali haliitwi gizani. Hujui nani ataitika. Na jioni mashine ilipozimwa, giza lilikuwa limeshaanza kuingia. Basi ilibidi mchana, na mchana ulikuwa na mashine ya Haji. Mikeka ilizuia mbuzi, ikazuia watoto, ikapunguza hata bomba, lakini ule mngurumo ulipita chini, ardhini, ukatoka kwenye ngozi tulizokalia. Guyo akafikiria Ijumaa. Wanaume wakiwa msikitini, maduka yamefungwa, mji hupungua kelele kwa muda mfupi. Ila yeye pia angekuwa msikitini. "Kwa hivyo ni wewe, Karani," alisema. "Wewe Mkristo, tena mwanamke. Utabonyeza." Akanifundisha kubonyeza vidude viwili kwa pamoja bila kutoa mlio, kwa kidole kilichofungwa kitambaa. Ijumaa ya kwanza nilibonyeza vizuri kabisa. Akko Tume aliimba, na alipofika kule juu, mahali pale ambapo haikatiki, nikajikuta nimemtaja Mungu kwa sauti, kwa Kimeru, "Murungu!" Kanda nzima ikaharibika. Na hata bila mdomo wangu ingeharibika, kwa sababu Haji alikuwa ameenda kusali na kumwachia mfanyakazi wake mashine ikinguruma.

Guyo alikwenda kumwomba. Nilikwenda naye kwa kuwa sikuweza kukaa nyumbani. Tulimkuta Haji Warsame akila anjera na mchuzi nyuma ya mashine, unga kwenye kope. Alisikiliza mpaka mwisho. "Wallahi, mimi namheshimu huyo mama," alisema, "lakini mkono yangu ni moja. Mashine nikizima, nani atawasha? Hii nazimia maiti peke yake. Aliye hai angoje." Guyo alishukuru kama adabu inavyotaka, na tukatoka. Mlangoni kwake alisimama akaangalia ile barua ukutani, akaniambia labda tutume hivyo hivyo, na nikaona kwamba amechoka. Mimi nilikwenda bombani nikalia. Nililia kwa hasira zaidi kuliko huzuni, nikamweleza Hawa kila alichosema mumewe, pamoja na hilo la aliye hai kungoja. Hawa alinisikiliza huku akisugua sufuria. "Amesema hivyo?" aliuliza. Akabeba sufuria yake akaenda.

Ijumaa iliyofuata nilitoroka ofisini mapema, nikaingia ndani ya mana, nikaweka redio-kaseti kwenye sweta zake, nikausikiliza mngurumo ili angalau niupime. Akko Tume alikuwa ameketi mbele ya maiki na shali yake nzuri. Adhana ikaisha. Wanaume wakapita kichochoroni, viatu vikiburuta, sauti zao zikaishia mbali. Kisha nikasikia mashine ya Haji ikipunguza mwendo, tu, tu, tu, ikajikohoza, ikanyamaza. Nilidhani masikio yangu yamekufa. Nikachungulia kwa tundu. Foleni ya wanawake pale mashineni ilikuwa imekwisha. Wote walikuwa wameondoa madebe yao ya mahindi, wamekaa kwenye ukuta wa pili, kimya, madebe mapajani. Hawa alikuwa wa kwanza kwenye mstari. Mfanyakazi wa Haji, akiwa hana wa kumsagia, alikuwa amezima ili asichome dizeli bure. Mbuzi hawakuwepo, watoto walikuwa wamewapeleka mtoni. Na kichochoroni ikaja pikapu ya miraa, ile ambayo kila siku saa hiyo huingia mtaani ikipiga honi kama ya arusi. Safari hii injini ilikuwa imezimwa. Wachuuzi wa kwetu Meru walikuwa wakiisukuma kwa mabega, meno wameyauma, na dereva ndani ameshika usukani kwa mikono miwili akitazama mbele kwa makini kama mtu anayepita karibu na mtoto aliyelala.

Nilirudi kwenye ngozi. Hakuna aliyekuwa ameniambia. Hata leo sijui maneno ya Hawa yalipita nyumba ngapi. Ninachojua ni kwamba watu wale, ambao walikuwa hawasalimiani bila kupiga kelele, walikuwa wamekusanya kimya chao chote na kumpa mama mmoja. Nilisikia damu masikioni mwangu. Nilisikia Akko Tume akimeza mate. Alinitazama, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba anaogopa. Nikabonyeza. Akaimba ngamia wa kwanza, kwa jina na ukoo na rangi ya nundu. Akaimba wa pili. Wa tatu akamwimba kwa sauti ya chini, kwa sababu huyo alikuwa bado ananyonya. Na baada ya wa tatu, mahali ambapo wimbo huisha, hakuisha. Akapanda kule juu akatia jina la nne, Galgalo, akalishikilia mpaka nikadhani mikeka itafumuka. Kisha akaacha kuimba, akasema tu, kama mtu anayemwita mwingine aje kula, "Kottu." Njoo. Nilijifunika mdomo kwa mikono yote miwili mpaka kanda ikapita. Nje, wanaume waliporudi kutoka msikitini, nilimsikia Haji Warsame akiuliza kwa hasira nani amezima mashine, na mkewe akimjibu, "Ni mimi. Zungusha." Vijana wanane walimzungushia ule mpini, wakipokezana, na ilipowaka mtaa mzima ulipiga vigelegele.

Tuliituma kanda, Guyo akibaki na nakala, na ikapokelewa. Ilipigwa alasiri moja ya joto, sisi sote tukiwa tumebanana kibandani kwa Guyo, na mtangazaji alisema hajapata kusikia sauti safi kama ile kutoka kaskazini. Guyo alikuwa amekamata ukingo wa meza. Akko Tume alijifunika uso kwa shali, na alipojifunua aliuliza tu kama Sericho nako imefika. Tukamwambia imefika. Akaanza kungoja. Juma likapita, na la pili. Lori za upande ule ziliingia, na madereva walisema wimbo umesikika mpaka Korbesa, watu wameulilia, lakini Galgalo hawajamwona. Jioni Akko Tume hakuimba tena. Chai alinipa, ile ile, lakini aliniwekea mlangoni akarudi ndani, na nikaanza kujuta kwamba tulimpa matumaini ambayo hakuwa ameyaomba.

Asubuhi moja nilikuwa bombani nikijaza ndoo kabla ya kazi. Mashine inanguruma, kikombe changu bila shaka kinatembea mezani. Mwanamume akasimama langoni. Alikuwa na vumbi mpaka kwenye nyusi, viatu vya tairi vimekatika kamba, na redio ndogo imening'inia kifuani kwa kipande cha kitambaa. Aliniuliza kitu, sikusikia. Akasogea, akauliza tena, karibu na sikio langu.

"Mlimzika wapi?"

"Nani?"

"Mama yangu. Tume. Nionyeshe tu mahali, nitaenda mwenyewe."

Ndoo ilifurika, maji yakimwagikia miguu yangu. Akaendelea kwa sauti ya mtu aliyeyarudia maneno hayo njia nzima. Alisikia redioni akiwa kisimani, siku wimbo uliporudiwa. Aliijua sauti kabla ya neno la kwanza kuisha. Lakini nyuma ya sauti hapakuwa na mashine. Hapakuwa na mbuzi, wala watu, wala mabati. "Mimi nimekulia hapa," alisema. "Hii mashine inazimwa kwa maiti peke yake. Nikasema, wameshika sauti yake siku ya mwisho, na mtaa umesimama. Nimewaachia watu ngamia yao kisimani. Nimetembea mpaka Garba Tula, nikapata lori." Akauma midomo. "Nimechelewa siku ngapi?"

Tulikuwa tumefanya kazi mwaka mzima. Tulikuwa tumeondoa kelele moja baada ya nyingine, kwa sponji, kwa spiriti, kwa mikeka na kwa ukarimu wa mtaa mzima, na haikumpitikia hata mmoja wetu, Guyo na ufundi wake, mimi na elimu yangu, kwamba mtoto wa kichochoro kile angesikia kimya kile na kukielewa kwa namna moja tu. Nilinyoosha mkono kuelekea ng'ambo. Akko Tume alikuwa anatoka mashineni, debe la unga kichwani, unga usoni, akimgombeza mtu nyuma yake kuhusu vipimo. Alimwona. Hakuangusha debe. Alilishusha taratibu, akaliweka chini, akafunika unga kwa kanga ili vumbi lisiingie, ndipo akaja.

Galgalo alipiga magoti pale pale kwenye matope ya bomba. "Aayo, sina ngamia," alisema. "Hata mmoja."

"Wale watatu niliwaimba," alisema mama yake. "Wewe nilikuita." Akamfuta vumbi kwenye nyusi kwa kidole gumba, kwanza moja, kisha nyingine. Alipopata kueleweshwa kilichomleta, na ikabidi Hawa, niliyemweleza, amrudilie mara mbili kwa sababu ya mashine, alicheka mpaka akashika kiuno. Kisha akamtazama kwa muda mrefu. "Umekuja kunizika? Vizuri. Umewahi. Kaa ungoje."

Akakaa. Alingoja miaka kumi na moja, akichunga mbuzi wa mtaa na baadaye akimsaidia Haji kuzungusha mpini, na siku ilipofika aliingia kaburini yeye mwenyewe akampokea mama yake mikononi. Mimi nilikuwa nimeshahamishwa kikazi. Nilipata habari kwa barua ya Guyo, yenye mistari minne na doa la risasi ya kuunganishia waya.

Nimebakisha jambo moja la mazishi ya mwezi uliopita. Jeneza la Guyo lilipotoka, wanaume wakiwa wamelibeba kwa haraka yao ile ya heri, mimi nilikuwa langoni nimekaa kwenye kiti cha plastiki, na kando yangu Galgalo, mzee sasa, magoti yamemkatalia safari ya makaburini. Mashine ya posho bado ipo. Ni ya stima, inaendeshwa na mjukuu wa Haji, kijana wa vifaa vya masikioni ambaye nilidhani hajui lolote. Jeneza lilipofika mbele yake ikanyamaza. Mbuzi walikuwepo, na pikipiki moja mbali, lakini ule mngurumo wa chini uliondoka ardhini, na nikakijua kimya kile kwa mgongo kabla ya kukijua kwa masikio. Galgalo akanishika mkono juu ya kiwiko.

"Karani," alisema, "safari hii si redio."

Nikamwambia ndiyo, safari hii ni kweli. Tulikaa hivyo mpaka jeneza likakata kona, na kijana akawasha mashine.